Darasa Tulivu Lisitudanganye

Hotuba kwa wahadhiri kabla ya kuanza kwa muhula

Mwenyekiti wa kikao, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, na ninyi wahadhiri wasaidizi mliokimbilia viti vya nyuma sawasawa na wanafunzi wenu: nawasalimu nyote, na nashukuru kwa kupewa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafanya wanachuo washiriki darasani. Tukilisema jambo hili baina yetu, kwa kawaida tunalalamikia usingizi, simu na viti vitupu. Hayo yapo, na nitayagusa. Lakini anayesinzia hanisumbui sana, kwa sababu namwona. Anayenisumbua ni yule aliyekaa wima, kalamu mkononi, anatikisa kichwa kila ninapomtazama, anacheka nikitania, na huko kichwani hakuna kazi yoyote inayofanyika.

Mwaka 1976 wanasosholojia wawili wa Marekani, David Karp na William Yoels, walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo katika madarasa ya chuo. Walikuta kwamba katika darasa lenye wanafunzi chini ya 40, wanne au watano ndio waliobeba karibu robo tatu ya mazungumzo yote. Waliobaki walikuwa wameafikiana bila kuandikiana mkataba: ninyi wachache jibuni, sisi tutamwonyesha mwalimu sura ya kusikiliza. Na mwalimu naye ni mshirika katika mapatano hayo, maana akiwa na wanne wa kumjibu, somo linakwenda, saa inasonga, kila mtu anatoka na amani yake.

Sisemi kwamba hao wanyamavu hawana adabu. Adabu ndiyo waliyo nayo tele. Ila wameshapiga hesabu wakagundua kwamba katika saa nzima ya mhadhara hakuna hata dakika moja ambayo itawalazimu kufikiri. Slaidi watatumiwa. Noti watanakili kwa mwenzao. Mtihani uko mbali, na ukikaribia watakesha. Kwa hesabu hiyo, mimi ningekuwa mwanafunzi ningetikisa kichwa vilevile.

Kwa hiyo nitasema jambo moja leo, mengine yote ni matawi yake. Mwanafunzi hushiriki pale anapopewa kazi ya kufikiri ambayo hawezi kuikwepa, akapewa muda wa kuifanya, na akaona kwamba jibu lake, liwe sahihi au baya, limebadilisha kitu katika kipindi. Uchangamfu wa mhadhiri, vichekesho, video na slaidi zenye rangi vinasaidia kidogo, lakini havifanyi kazi hiyo kwa niaba ya mwanafunzi.

Wenzangu wa sayansi wengi mnakijua kisa cha Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Nakirudia kwa sababu kuna sehemu yake ambayo wasimulizi huipita mbio. Kwa miaka kadhaa Mazur alifundisha fizikia ya utangulizi kwa njia tunayoijua sote: anaeleza, anakokotoa ubaoni, anafuta, anaendelea. Wanafunzi walimpenda, walimpa alama nzuri katika tathmini zao, na maswali magumu ya mitihani waliyamudu. Mwaka 1990 akasoma makala zilizodai kwamba wanafunzi humaliza kozi ya fizikia wakiwa na mawazo yaleyale waliyoingia nayo kuhusu nguvu na mwendo. Akaona haiwezekani wa kwake wawe hivyo. Akawapa jaribio la maswali mepesi, ya maneno tu, yasiyo na hesabu.

Maswali ya aina hiyo ni kama hili: lori zito limegongana uso kwa uso na gari dogo. Nguvu ipi ni kubwa zaidi, ile ya lori dhidi ya gari dogo, au ile ya gari dogo dhidi ya lori? Ziko sawa, ndivyo inavyosema kanuni ya tatu ya Newton, kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa kozi ile angeweza kuikariri hata ukimwamsha usiku wa manane. Hata hivyo mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: Profesa, niyajibu vipi maswali haya, kwa jinsi ulivyotufundisha, au kwa jinsi mimi ninavyofikiri?

Watu wakisimulia kisa hiki hukimbilia matokeo, kwamba yalikuwa mabaya. Mimi hubaki kwenye swali la mwanafunzi. Lilikuwa swali la kweli kabisa. Alikuwa na maghala mawili kichwani: moja la fizikia ya chuo, ambalo hufunguliwa siku ya mtihani na kufungwa mchana wake, na jingine la ulimwengu anaoishi, ambamo malori huponda magari madogo na lazima yawe na nguvu zaidi. Muhula mzima ulipita bila maghala hayo kukutana. Na kumbukeni, hawa walikuwa wanafunzi wasikivu, wenye akili, wanaompenda mwalimu wao. Usikivu walikuwa nao.

Mwaka uliofuata Mazur akaanza kufundisha kwa namna nyingine, na ningependa niieleze hatua kwa hatua, maana wengi wetu tumeisikia kwa jina tu na kudhani ni majadiliano ya vikundi.

Mhadhiri anaeleza wazo moja kwa dakika chache. Kisha anaonyesha swali lenye majibu manne hivi. Kila mwanafunzi analifikiria peke yake, kimya, na kuchagua. Hapa kuchagua ni lazima kuonekane. Wenye vifaa vya kielektroniki hupiga kura kwavyo. Wasio navyo hutumia vidole: kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili jirani asichungulie. Mhadhiri anatupa jicho ukumbini. Kama karibu wote wamepata, anaeleza kwa ufupi na kusonga mbele. Kama karibu wote wamekosa, basi maelezo yake hayakueleweka, anarudi nyuma. Kama wamegawanyika, hapo ndipo penye utamu: hasemi jibu. Anawaambia, tafuta jirani mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi. Dakika mbili tatu ukumbi unavuma. Kisha wanapiga kura tena, na ndipo anaeleza.

Wengine mtasema: kipofu amwongoze kipofu? Kama wote wawili hawajui, watafundishana nini? Swali hilo limeshapimwa. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha utafiti wa darasa la jenetiki. Baada ya wanafunzi kujadiliana na kupiga kura ya pili, walipewa swali jingine linalohusu wazo lilelile, wakalijibu kila mtu peke yake. Waliboreka, na waliboreka hata katika vikundi ambavyo mwanzoni hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu sahihi. Kumbe si suala la mjuaji kumnong'oneza asiyejua. Ukilazimika kumweleza mwenzako kwa nini umechagua la tatu, nusu ya maelezo unayasikia mwenyewe yakikwama kooni.

Jambo lililobaki ni swali lenyewe, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo wengi tunapoharibu.

Swali la kukumbuka halifai. Ukiuliza mwaka au jina au fasili, mwenye kujua anajua na asiyejua hana la kufikiri. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu baya lina mvuto. Chukueni hili la biolojia: mbegu ndogo imekua ikawa mti mkubwa wa tani kadhaa. Uzito wa mbao zake kavu, kwa sehemu kubwa, umetoka wapi? Kwenye udongo, kwenye maji, kwenye hewa, au kwenye mwanga wa jua? Mwanafunzi aliyechora mchoro wa usanisinuru tangu shule ya msingi, mwenye kujua kwamba mmea huchukua kaboni dioksaidi, bado atakujibu udongo. Si ndiko mizizi iliko? Si ndiko tunakotia mbolea? Wengine watasema maji, na hao wana babu mwenye heshima zake: katika karne ya 17 Jan Baptist van Helmont alipanda mche kwenye chungu cha udongo alioupima, akaumwagilia miaka mitano, mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70 na udongo ukapungua chini ya gramu 100. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Alikuwa amelikaribia jibu kuliko yeyote wa zama zake, na bado alikosa, kwa sababu hewa hakuiweka kwenye mizani ya fikra zake. Kaboni inayojenga mbao hutoka hewani.

Tazameni swali hilo linavyofanya kazi. Kila jibu baya linawakilisha mtu halisi anayefikiri kwa namna fulani. Hakuna jibu la kujazia nafasi. Na mtu akishachagua udongo, akapigwa na hoja ya chungu cha van Helmont, hasahau.

Mtaniuliza, majibu mabaya yenye mvuto nitayapata wapi? Mnayo. Yako kwenye vitabu vya majibu vya mtihani wa mwaka jana, vile vilivyorundikwa kabatini. Kosa lililorudiwa na wanafunzi wengi ni hazina. Lichukue, liandike kwa maneno yao wenyewe, liweke liwe jibu la pili. Nimewahi kuona mwenzetu mmoja wa takwimu akifanya hivyo. Swali lake lilihusu maana ya thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata data kama hizo au zilizopindukia zaidi iwapo dhana tupu, dhana kwamba hakuna athari yoyote, ingekuwa kweli. Jibu la pili lilikuwa sentensi yenye kosa aliyoinakili kutoka kwenye jibu la mwanafunzi: kwamba thamani ya p ni uwezekano wa dhana tupu kuwa kweli. Zaidi ya nusu ya ukumbi ilikwenda nalo. Kama angeuliza kama wameelewa, wangeitikia kwa sauti moja.

Wenzangu wa fasihi, sheria na historia, najua mnanung'unika kwamba kwenu hakuna jibu moja. Sawa. Kwenu swali litake msimamo. Wape vifungu vitatu vya ushahidi na uwaulize: kama ungeruhusiwa kupeleka kimoja tu mbele ya hakimu, ungepeleka kipi? Mwanafunzi anaandika chaguo lake na sentensi moja ya sababu kabla hajamsikia mtu yeyote. Sharti la kuandika kwanza msiliache. Bila hilo, wale wanne wa Karp na Yoels watasema, na wengine watagundua kwamba daima walikuwa na maoni hayohayo.

Sasa kuhusu ukimya. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alisikiliza rekodi za masomo mengi na kupima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa wastani ulikuwa kama sekunde moja. Madarasa yale yalikuwa ya shule, lakini nendeni mkajirekodi kwa simu kipindi kimoja mtasikia. Swali linatoka, na kabla halijatua mhadhiri ameshalirudia kwa maneno mengine, ameshatoa kidokezo, ameshalijibu. Walimu wa Rowe walipojizuia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitokeza wakaongezeka, na waliokosa la kusema wakapungua.

Sekunde tatu ni ndefu ukiwa mbele ya watu 200. Mikono inatafuta chaki, macho yanakimbilia projekta. Wanafunzi wanalijua hilo kuliko sisi: wanajua wakivumilia kidogo tu, mwalimu atajijibu. Kwa hiyo kama swali ni gumu kweli, usisubiri sekunde tatu, toa dakika nzima na uitangaze. Sema: andikeni, nitawauliza baada ya dakika moja. Kisha geuka, nywa maji, tazama saa. Usizungukezunguke ukichungulia madaftari huku ukiguna.

Na baada ya dakika hiyo, je, nimwite mtu kwa jina? Wengi huona ni ukatili. Utafiti wa Elise Dallimore na wenzake wa mwaka 2013 ulikuta kwamba katika madarasa ambamo mwalimu alikuwa na mazoea ya kuwaita wanafunzi bila kungoja mikono, waliojitolea kujibu wenyewe walikuwa wengi zaidi, na waliendelea kuongezeka kadiri muhula ulivyosonga. Mimi naongeza sharti langu: usimwite mtu ambaye hajapewa nafasi ya kuandika au kuzungumza na jirani. Na usimuulize jibu ni lipi. Muulize, hapo kwenu mlikuwa mnabishania nini? Swali hilo hata mwoga analiweza, kwa kuwa haliweki heshima yake rehani.

Naomba tufanye kidogo kile ninachokihubiri. Wekeni kalamu chini. Kuna vikundi viwili vya wanachuo vilivyopewa kifungu kifupi cha kusoma. Kundi la kwanza lilikisoma mara nne. Kundi la pili lilikisoma mara moja, likafunika, na mara tatu likajaribu kuandika lote linalokumbuka, bila kurudi kwenye kifungu. Wiki moja baadaye, kundi gani lilikumbuka zaidi? Kidole kimoja kwa la kwanza, viwili kwa la pili, vitatu kama mnaona yalilingana. Amueni kwanza, kisha mgeukieni jirani.

[Hapa wasikilizaji walijadiliana kwa dakika mbili, kisha wakapiga kura tena.]

Ahsanteni. Naona vidole vimehama, na naona mwenyekiti na mkuu wa idara bado hawajapatana. Jaribio hilo ni la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006. Dakika tano baada ya kusoma, kundi la kwanza lilikuwa juu: asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojipima walikumbuka asilimia 61. Na waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Ukitaka kutumia jambo hilo kesho, anza kipindi kwa maswali mawili ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa, bila alama yoyote. Dakika nne tu. Waliofika wamechelewa watajua wamekosa kitu, na hiyo ni faida ya ziada.

Kuna imani iliyozagaa kwamba mwanafunzi husikiliza dakika 10 au 15 kisha akili inazima. Ushahidi wake ni dhaifu. Diane Bunce na wenzake, mwaka 2010, waliwapa wanafunzi wa kemia vifaa vya kubonyeza kila wanapojigundua kwamba mawazo yametangatanga. Akili zilikuwa zinatoka na kurudi tangu mwanzo wa kipindi, mara nyingi kwa dakika moja au chini ya hapo. Zilitoka kidogo zaidi wakati wa maswali na maonyesho ya kisayansi, na nafuu hiyo ilibaki hata katika maelezo yaliyofuata. Kwa hiyo msitege saa ya dakika 15. Tegeni swali.

Na mkifanya maonyesho, iwe kemikali inayobadilika rangi au kesi inayoigizwa, waulizeni kwanza wanatarajia nini. Kundi la Mazur lilipima hili mwaka 2004: wanafunzi waliotazama tu onyesho hawakulielewa vizuri kuliko ambao hawakuliona kabisa, kwa tofauti yoyote ya maana. Waliotabiri kabla ya kuona ndio walionufaika. Hapo wapenzi wa video mnisamehe.

Simu na kompyuta mpakato sitazichelewesha. Mwaka 2013 Faria Sana na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba anayeshughulika na mengine kwenye kompyuta mpakato wakati wa mhadhara hupata alama za chini, na jirani anayeiona skrini hiyo naye hushuka. Kwa sababu ya huyo jirani naona ni haki kuwataka watumiaji wakae safu za nyuma. Kuzikusanya simu mlangoni kwa watu wazima sikubaliani nako. Wakati wa kubishana na jirani hakuna anayechati.

Sasa nije kwa vijana wanaoanza kazi, kwa sababu kuna jambo litakalowapata na hakuna atakayewaonya. Ukifundisha hivi, baadhi ya wanafunzi watalalamika. Watasema mhadhiri hafundishi, anatuachia tujifundishe wenyewe, sisi tumelipa ada. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waligawa wanafunzi wa fizikia makundi mawili: moja likasikiliza mhadhara safi wa mwalimu hodari, jingine likafanyishwa kazi ya kufikiri kwa mada ileile. La pili lilifanya vizuri zaidi kwenye jaribio. Lakini wanafunzi wake walijiona wamejifunza kidogo. Mhadhara laini hukupa hisia kwamba umeelewa, maana wa kukokotoa ni mwenzako. Kazi ngumu hukuacha na jasho na mashaka, na mwanafunzi huyachukulia mashaka hayo kuwa dalili ya kufundishwa vibaya.

Hali hii ina dawa, nayo hutolewa wiki ya kwanza. Waambieni mapema, na matokeo ya utafiti huo waonyesheni, kisha wapeni jaribio dogo wiki ya tatu au ya nne ili waone wenyewe. Anayesubiri mpaka fomu za tathmini mwishoni mwa muhula ndipo ajieleze amechelewa. Nanyi wakuu mnaosoma fomu hizo, tafadhali, mnapoona mhadhiri mpya ameandikwa kwamba anauliza maswali mno, msimwite ofisini.

Pingamizi la mwisho ni silabasi. Nikifanya haya yote, sitaimaliza. Ni kweli hutaimaliza kwa namna ileile. Itakubidi uwaachie usomaji wa kurasa fulani kabla ya kipindi, na uwaulize juu yake mlangoni, la sivyo hawatasoma. Lakini tujiulize, tunaposema tumemaliza silabasi, aliyemaliza ni nani? Sufuria kuwa tupu hakuonyeshi kwamba mgeni ameshiba. Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakachapisha mwaka 2014. Katika madarasa ya mihadhara mitupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8, katika yale yanayowashirikisha wanafunzi, asilimia 21.8. Katika darasa la watu 100 hiyo ni tofauti ya wanafunzi 12, ambao wangerudia kozi au kuondoka chuoni huku sisi tukijisifu kwamba sura zote zilifundishwa.

Na wala haihitaji uzoefu wa miaka. Mwaka 2011 Deslauriers huyohuyo, akishirikiana na Ellen Schelew na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, walichapisha jaribio la Chuo Kikuu cha British Columbia. Kozi moja, makundi mawili, kila moja na wanafunzi zaidi ya 250. Kundi moja lilibaki na mhadhiri mzoefu anayesifiwa. Jingine, kwa wiki moja, lilifundishwa na Deslauriers na Schelew, wawili wasio na uzoefu mkubwa wa kufundisha, lakini waliojaza kila kipindi kwa maswali, mabishano na majibu ya papo kwa papo. Wastani wa jaribio la wiki ile: asilimia 41 kwa mzoefu, 74 kwa wageni. Mahudhurio nayo yalipanda bila mtu kuita majina.

Nimalizie na mtihani, na hapa nawageukia wakuu wa idara moja kwa moja. Haya yote yatakufa kabla ya muhula wa pili ikiwa karatasi ya mwisho itauliza, taja sifa tano. Wanafunzi wetu si wajinga. Wanasoma karatasi za miaka iliyopita kwa makini kuliko wanavyosoma vitabu, na wakiona kinacholipwa ni kukariri, watakariri, na katikati ya mabishano yako watakuuliza, hii itatoka? Kwa hiyo badala ya kuagiza, eleza hatua za usanisinuru, andikeni: mwenzako anasema mti hupata uzito wake kutoka udongoni, na ushahidi wake ni kwamba mbolea hukuza mazao. Mwonyeshe alipopatia na alipokosea. Swali hilo haliwezi kukaririwa. Pia linachukua muda mrefu zaidi kulisahihisha, ndiyo maana nalileta kwenu. Mhadhiri mwenye vitabu 300 vya majibu na siku saba za kuvirudisha atarejea kwenye sifa tano, apende asipende. Mpeni msahihishaji wa kumsaidia, au mwondoleeni kozi moja.

Mwenyekiti, nimebakiza dakika 20 kwa ajili ya majadiliano. Nawashukuru.